Kufundisha kwa Kupanga Safari: Ubao wa Theluji na Mji wa Sapporo katika Darasa la Sita

Katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka jana, mmoja wa wanachuo wetu aliandika katika azimio lake la kazi, chini ya mada ya hali ya hewa ya nchi za baridi, maneno haya: "Kupanga safari ya Japani ya kuteleza juu ya theluji na kutembelea mji." Tulipolisoma tulitaka kulifuta. Tulijiambia kwamba hii ni anasa ya watu wa mbali, na kwamba mtoto ambaye hajavuka mpaka wa wilaya yake hapaswi kupotezewa vipindi vinne kwa mchezo ambao hata mkufunzi wake hajaucheza. Mwanachuo alishikilia wazo lake kwa adabu, nasi tukamruhusu kwa shingo upande. Makala haya yanaeleza jinsi somo hilo lilivyoharibika mara ya kwanza na jinsi lilivyofaa mara ya pili. Tunayaandika kwa ajili yenu mnaojiandaa kuingia madarasani, kwa kuwa sehemu ya kosa ilikuwa yetu.

Swali lililozimwa

Andalio la kwanza lilikuwa safi machoni. Madhumuni yalikuwa yameandikwa, zana zilikuwa zimetajwa, na hatua za somo zilikuwa zimegawanywa kwa dakika. Mwanachuo alichora ramani ya Japani ubaoni kwa chaki za rangi, akaandika mpango wa safari ya siku saba, kisha akausoma mstari kwa mstari, na watoto wakaunakili. Katikati ya kipindi msichana mmoja wa safu ya nyuma aliinua mkono na kuuliza: "Mwalimu, kwa fedha hizo si bora angejenga nyumba?" Wenzake wakacheka. Mwalimu akajibu kwamba hilo si somo la leo, akaendelea kuandika. Tangu hapo hakuna mkono ulioinuliwa tena hadi kengele ilipolia.

Sisi tuliokuwa tumekaa nyuma na karatasi ya tathmini tuliandika kwamba mwalimu amelitawala darasa vizuri. Jioni tulipopitia madaftari tuliona aibu. Watoto wote walikuwa na mpango mmoja, siku zile zile, kwa mpangilio ule ule. Mwalimu alikuwa amekosea kuliandika jina la Sapporo kwa kuzidisha herufi moja, nao wote wakalikosea vivyo hivyo. Mpango ule ulikuwa umefanywa na mtu mmoja tu, na mtu huyo hakuwa mwanafunzi. Tena swali pekee la kweli lililoulizwa darasani lilikuwa limezimwa, nasi tukakuita kuzimwa kwake utawala bora.

Tulikutana na mwanachuo siku ya pili, tukamwomba radhi kwa alama tulizompa, maana zilimpotosha, kisha tukaanza upya pamoja. Jambo la kwanza tulilokubaliana ni kwamba kupanga safari ni kuchagua, na mtu hajachagua kitu mpaka kuwe na kingine alichokiacha. Jambo la pili ni kwamba mwalimu hawezi kuwaachia watoto wachague ikiwa yeye mwenyewe hajui mahali penyewe pakoje.

Mwalimu ajue nini kabla ya kuingia darasani

Sapporo ni mji mkuu wa Hokkaido, kisiwa kikubwa cha kaskazini mwa Japani. Uko kwenye latitudo ya digrii 43 kaskazini, na una watu karibu milioni 2. Jina lake limetoka katika lugha ya Waainu, wenyeji wa asili wa kisiwa hicho, ambao sheria ya Japani iliwatambua rasmi hivyo mwaka 2019. Mwalimu asiliruke jambo hili. Mtoto hupenda kujua kwamba mahali palikuwa na wenyewe kabla ya wageni kuja na ramani zao, na msafiri naye hana budi kujua yuko nyumbani kwa nani.

Swali la kwanza la watoto wa Jiografia huwa hili: kwa nini pale kunaanguka theluji nyingi hivyo? Wastani wa theluji inayoanguka Sapporo kwa mwaka ni karibu meta 5 ikijumlishwa, na kule Niseko, milimani upande wa kusini-magharibi, hupita meta 10 kwa msimu. Baridi peke yake haitoshi kuwa jibu, kwani ziko nchi zenye baridi kali zaidi ambazo theluji yake ni haba. Wakati wa kipusa hewa baridi na kavu huvuma kutoka Siberia, ikavuka Bahari ya Japani ambayo maji yake yana joto kuliko hewa hiyo. Hewa ikapata joto kidogo kwa chini na kunyonya mvuke mwingi. Inapofika Hokkaido hukuta milima, ikalazimika kupanda, na kwa kupanda ikapoa na kuudondosha mvuke ule kama theluji. Mtoto aliyekwisha kufundishwa kwa nini miteremko ya Usambara inayotazama bahari hupata mvua nyingi kuliko nyika iliyo nyuma yake anayo tayari nusu ya jibu. Mwanachuo wetu aliwauliza kwanza habari za Usambara, kisha akanyamaza. Mvulana mmoja akasema: "Basi ni mvua iliyoganda." Hatukuona haja ya kulisahihisha neno hilo siku ile, ingawa kwa usahihi theluji hutokana na mvuke unaogeuka moja kwa moja kuwa fuwele za barafu ndani ya mawingu. Lilisahihishwa katika kipindi kilichofuata.

Kuhusu mchezo wenyewe, hatuna budi kukiri kwamba umri wake ni mdogo. Mwaka 1965, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, baba mmoja aitwaye Sherman Poppen aliziunganisha pamoja mbao mbili za kutelezea ili binti zake wachezee kwenye kilima kilicho nyuma ya nyumba. Wengine waliuboresha ubao ule katika miaka ya 1970, miguu yote miwili ikaja kufungwa juu yake kwa vishikizo, na mwaka 1998 mchezo huo uliingizwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi, iliyofanyika Nagano, Japani. Watoto walikipenda sana kisa cha baba na binti zake. Walikuwa wamedhani kwamba kila mchezo uliomo katika Olimpiki ni wa kale.

Msafiri husimama juu ya ubao huo kiubavu, bega moja likitangulia, wala hatazami mbele kama mtu apandaye baiskeli. Ubao una kingo mbili. Akiegemea visigino ukingo wa nyuma hukamata theluji, na akiegemea vidole hukamata wa mbele. Ili asimame huugeuza ubao ukalala kukingama mteremko. Mgeni huanguka mara nyingi siku ya kwanza na ya pili, naye hunyosha mikono ili ajizuie, kwa hiyo kifundo cha mkono ndicho kinachoumia mara nyingi kwa wanaoanza. Huelekezwa akunje ngumi na kuangukia mikono ya mbele, avae kofia ngumu, na ajifunze kwa mwalimu badala ya kwa rafiki.

Hapa mwanachuo alibuni zoezi ambalo tumelitumia tena mara nyingi. Mwenye kupanda ubao hana budi kujua ni mguu gani unaotangulia, wa kushoto au wa kulia. Aliwatoa watoto uwanjani penye mchanga laini, kila mmoja akakimbia hatua chache kisha akateleza. Mwenzake alitazama mguu uliokuwa mbele na kuandika. Waliporudi darasani walikuwa na takwimu zao wenyewe za kuchorea grafu, na tayari walikuwa wakibishana kama wanaoandika kwa mkono wa kushoto ndio wanaotanguliza mguu wa kulia. Grafu yao haikuwaunga mkono.

Kuna mwanafunzi aliyesema kwamba mambo ya theluji si ya watu weusi. Mwalimu hakumkemea. Aliwaeleza habari za Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji aliyekwenda Nagano mwaka huo huo wa 1998 akashindana katika mbio za kilometa 10 za kuteleza kwa mbao mbili, Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya majira ya baridi. Alimaliza wa mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alibaki pale mwisho wa njia akimngojea ampokee. Darasa lilinyamaza kwa muda, kisha mtoto mmoja akauliza alingoja kwa dakika ngapi.

Mbegu sitini

Tunafika sasa kwenye kiini cha somo la pili. Tulimbuni msafiri mmoja, Neema, fundi wa cherehani aliyeweka akiba kwa miaka mingi. Kila kundi la watoto sita lilipewa mbegu 60 za mahindi, ambazo ndizo akiba yake yote. Hatukutaka kutumia shilingi, kwa sababu mbili. Bei za kweli hubadilika, na mwalimu anayeziandika ubaoni leo atakuwa ameandika uongo mwakani. Tena tarakimu za mamilioni humfumba mtoto macho, hali mbegu zinazoondoka mezani anaziona zikipungua. Bei zetu basi zilikuwa za zoezi tu, na watoto waliambiwa hivyo wazi.

Ndege ya kwenda na kurudi ilikuwa mbegu 24. Siku moja ya mjini Sapporo, pamoja na malazi, chakula na nauli, ilikuwa mbegu 3, lakini katika juma la tamasha ilikuwa 4. Siku moja ya Niseko, pamoja na malazi, tiketi ya lifti za mlimani na kukodi ubao, ilikuwa 6. Basi la kwenda huko na kurudi, 2. Kukodi nguo za baridi, 2. Mwalimu wa siku ya kwanza, 4. Bima, 2. Tukaweka na njia ya tatu ambayo hatukuisemea neno: mlima Teine, uliomo ndani ya mipaka ya mji wa Sapporo penyewe, ambako mtu huenda asubuhi na kurudi jioni kulala alikolala jana. Siku ya Teine ilikuwa mbegu 5, bila basi la Niseko.

Kabla mbegu hazijaguswa, yule msichana wa safu ya nyuma aliitwa kwa jina na kuombwa arudie swali lake. Alisita, kisha akalirudia. Safari hii mwalimu aliliandika ubaoni. Aliwauliza wenzake wanaomwunga mkono, wakasimama kumi na zaidi, naye akawafanya sita kati yao kuwa kundi la watu wa nyumbani kwa Neema. Kazi yao haikuwa kupanga safari. Walitakiwa wamwandikie Neema barua ya kumshauri azitumie mbegu zile kwa jambo jingine, wakieleza ni jambo gani na kwa nini. Makundi mengine yalijua kwamba barua hiyo itasomwa mwishoni mbele ya mipango yao. Kusema kweli tuliogopa kwamba hapo somo litavunjika. Kinyume chake, makundi ya wapangaji yalianza kutoa hoja za kuitetea safari kabla ya kuulizwa.

Kundi la kwanza lilikuwa la wavulana watupu, kosa letu la kupanga makundi. Walinunua siku nne za Niseko na siku moja ya tamasha mjini. Hesabu yao ilikuwa sahihi kabisa: 24 za ndege, 2 za basi, 2 za nguo, 4 za mwalimu, 24 za mlimani na 4 za mjini, jumla 60. Meza ilikuwa tupu na nyuso zilikuwa zimejaa furaha. Bima hawakununua. Kundi jingine lilinunua bima likaacha mwalimu, likisema Neema ni fundi, atajifunza kwa kutazama. Kundi la tatu, baada ya mabishano marefu, liligundua Teine. Walikuwa wamekwisha kulipia basi la Niseko, wakazirudisha mbegu mbili kwenye mfuko na kuanza hesabu upya: siku mbili za Teine, siku nne za mji, mwalimu, nguo, bima na ndege, jumla 54, zikabaki 6. Mmoja wao alitaka sita zile zinunue siku mbili zaidi za mji. Mwenzake akazifunika kwa kiganja.

Ndipo mwalimu alipotoa bahasha. Ndani yake mlikuwa na karatasi za matukio, moja kwa kila kundi, na hakuna tukio hata moja ambalo halitokei kweli katika safari kama hii. Theluji nyingi imeanguka, ndege za kuondoka uwanja wa New Chitose zimefutwa, msafiri alale siku moja zaidi. Upepo mkali umezifunga lifti za mlimani, siku imepotea na fedha zake. Msafiri ameanguka akavunjika kifundo cha mkono, mwenye bima aendelee, asiye nayo alipe mbegu 8.

Karatasi ya mwisho ililiangukia kundi la kwanza. Hatukuipanga iwe hivyo, na tungeweza kuogopa kwamba ni kali mno. Kiongozi wao alisimama akaomba anunue bima sasa kwa kuacha ile siku ya mjini. Mwalimu alilitupia darasa swali hilo. Msichana mmoja akajibu kwamba bima hainunuliwi baada ya kuanguka, na darasa likakubaliana naye. Kundi lilibaki na msafiri mwenye mkono uliofungwa na deni la mbegu 8, likatakiwa lieleze kwa maandishi atafanya nini. Maandishi hayo yalikuwa bora kuliko yote tuliyoyapata kwa muhula mzima. Waliandika kwamba angewapigia simu watu wa nyumbani, wale wale waliomshauri asiende.

Tunawaonya hapa mwanafunzi asichekwe kwa mpango ulioanguka. Mwalimu alilisema hili kabla ya kufungua bahasha, na ilimbidi alirudie.

Mji usio na sifuri

Walimu wengi hudhani kwamba sehemu ya mlima ndiyo itakayowavuta watoto, na ile ya kutembelea mji itakuwa orodha ya majengo. Ikifundishwa kama orodha, itakuwa orodha. Sapporo una jambo linaloweza kulijaza somo zima la Hisabati. Sehemu ya kati ya mji imepangwa kwa mitaa ya mraba, na kila mtaa hutajwa kwa namba ya kaskazini au kusini pamoja na namba ya mashariki au magharibi. Mstari wa katikati unaotenga kaskazini na kusini ni bustani ndefu ya Odori, yenye urefu wa kilometa moja na nusu hivi. Mstari unaotenga mashariki na magharibi ni mfereji uitwao Sosei.

Mnara wa Saa, jengo la mbao la mwaka 1878 lililokuwa la Chuo cha Kilimo cha Sapporo, uko Kaskazini 1, Magharibi 2. Soko la Nijo, penye samaki na kaa wa kila namna, liko Kusini 3, Mashariki 1. Neema anatoka kwenye Mnara kwa miguu kwenda sokoni. Atapita mitaa mingapi kuelekea kusini, na mingapi kuelekea mashariki?

Watoto karibu wote walijibu 4 na 3, kwa kujumlisha moja na tatu, kisha mbili na moja. Walipochora wakaona kwamba 4 ni sahihi lakini 3 si sahihi. Kutoka kaskazini kwenda kusini bustani ya Odori hukaa mahali pa sifuri, kwa hiyo kutoka Kaskazini 1 huingia Odori, kisha Kusini 1, 2 na 3. Lakini kutoka magharibi kwenda mashariki hakuna mtaa wa sifuri, maana Magharibi 1 hupakana na Mashariki 1, mfereji tu ukiwa kati. Jibu ni 2. Tumefundisha mstari wa namba kwa miaka kadhaa, na hatukupata kuona sifuri ikieleweka vizuri kama siku ile ilipokosekana.

Watoto wakapewa mahali pengine pa kuchagua kwa siku zao za mjini: mnara wa televisheni wa mwaka 1957 ulio mwisho wa bustani ya Odori, jengo la matofali mekundu la mwaka 1888 lililokuwa ofisi ya serikali ya Hokkaido, Kaskazini 3, Magharibi 6, na kilima cha Okurayama, ambako warukaji walishindana katika Olimpiki ya mwaka 1972, na ambako mgeni hupanda kwa lifti akautazama mji wote. Tamasha la Theluji hufanyika mapema mwezi wa Februari. Lilianza mwaka 1950, wanafunzi wa sekondari walipojenga sanamu sita za theluji katika bustani ya Odori, na sasa huvuta wageni wengi hata vyumba vikawa adimu. Ndiyo maana tuliiongeza bei ya siku ya mjini kwa mbegu moja. Watoto walilipenda tamasha kwa kuwa waanzilishi wake walikuwa wanafunzi. Makundi mawili yalilinunua, na kundi la tatu likakataa likisema sanamu zitaonekana katika picha.

Saa, tarehe na karatasi ya ubalozi

Kipindi cha mwisho kilikuwa cha ratiba. Japani iko mbele ya Tanzania kwa saa 6. Mtoto anaweza kujumlisha sita, lakini hapa pana mtego wa lugha yetu wenyewe. Tiketi ya treni imeandikwa 16:00 kwa mfumo wa saa 24, nasi huiita saa kumi jioni. Mtoto anayeisoma kumi na sita kama kumi na sita hukwama, na anayetoa kumi na mbili hupata nne, akafika stesheni saa nne. Tulitumia nusu ya kipindi kwa jambo hili, wala hatujutii. Kisha watoto waliambiwa kwamba mwanzoni mwa Februari jua huchwa Sapporo kabla ya saa 11 jioni, wakaona wenyewe kwamba mipango yao mingine ilimtembeza Neema bustanini gizani.

Mpangilio wa siku ulileta mjadala mzuri. Kutoka uwanja wa New Chitose hadi Sapporo ni kama dakika 40 kwa treni, na hadi Niseko ni saa mbili na nusu hadi tatu kwa basi, kutegemea hali ya barabara. Je, aanze mlimani au mjini? Kundi moja lilisema aanze mlimani angali na nguvu. Jingine likasema mwili uliosafiri usiku kucha na kupishana na jua kwa saa sita haufai kufungwa kwenye ubao kesho yake, kwa hiyo aanze mjini apumzike, apande mlimani, kisha siku ya mwisho arudi mjini karibu na treni ya uwanja wa ndege, ili theluji ikifunga barabara ya milimani isimkoseshe ndege. Mwalimu aliuliza tu nani ana karatasi ya bahasha inayohusu jambo hilo. Mkono ukainuka.

Kuhusu Niseko, mwanachuo aliongeza jambo moja bila kungoja kuulizwa, nasi tunalikubali. Kule mlimani nje ya njia zilizotengenezwa kuna malango ya kupitia na kamba za kuzuia. Lango likifungwa ni kwa hatari ya theluji kuporomoka, na anayevuka kamba huweza kunyang'anywa tiketi. Yako mambo ambayo mwanafunzi aachiwe ayagundue, na yako ambayo huambiwa.

Zao la somo lilikuwa karatasi moja kwa kila kundi, iliyopigwa mistari kwa safu nne: tarehe, shughuli, mawasiliano, malazi. Hatukuibuni sisi. Mtanzania anayekwenda Japani huhitaji viza, na miongoni mwa karatasi anazopeleka ubalozini kuna ratiba ya siku kwa siku ya namna hii. Watoto walipojua kwamba karatasi yao ina sura ya karatasi ya kweli ambayo mtu mzima huisoma na kuipitisha au kuikataa, waliomba kuiandika upya kwa wino.

Barua ya watu wa nyumbani ilisomwa mwisho na yule msichana. Walimshauri Neema anunue cherehani ya pili, aajiri mwenzake, na akiba ikirudi aende Japani bila kumdai mtu. Walikuwa wamelihesabu jambo hilo kwa mbegu: cherehani 20, kitambaa 10, na 30 zikawekwa. Kundi la wavulana lilisema mpango huo hauna bahasha, kwa hiyo si haki. Mwalimu akakubali, akawapa dakika tano waandike wao karatasi ya tukio kwa ajili ya cherehani. Waliandika kwamba umeme umekatika kwa majuma mawili. Msichana akajibu kwamba cherehani yenyewe ni ya kukanyaga kwa miguu.

Kengele ililia wakiwa bado wanabishana. Mbegu zilirudishwa mfukoni na kuhesabiwa, zikapungua tatu, na mpaka leo hatujajua zilikokwenda.